Mtoto Aliyelelewa Nchi za Nje na Darasa Letu

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha huko Nkoma, katika Wilaya ya Itilima, hutegemea kukutana na watoto wa wakulima wa pamba na wafugaji, ambao nyumbani husema Kisukuma na shuleni hufundishwa kwa Kiswahili. Mategemeo hayo ni sahihi. Lakini mara moja moja hutokea mtoto wa namna nyingine, aliyezaliwa au kukulia katika nchi ya nje ambako wazazi wake walikwenda kwa kazi, kwa masomo au kwa biashara, naye sasa ameletwa kwa bibi yake au amerudi pamoja na wazazi hao. Mtoto huyo huketi dawati la nyuma. Akiulizwa swali hujibu kwa neno moja, au hajibu kabisa. Baada ya juma moja mwalimu huandika katika daftari lake kwamba mtoto ni mzito. Na baada ya majuma mawili humwita mzazi na kumpa shauri ambalo wengi wetu tumelisikia likitolewa: huko nyumbani acheni hizo lugha zenu, mzungumze naye Kiswahili kitupu.

Makala haya yanapinga shauri hilo. Twaona kuwa ni shauri lenye nia njema na matokeo mabaya. Tena tungependa mwanachuo afahamu kwamba mara nyingi mtoto huyu amekwisha kupatwa na shauri hilo mara ya kwanza huko alikotoka, kwa maneno yale yale, isipokuwa huko lugha iliyosifiwa ilikuwa nyingine.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana ndiyo asiyoijua mwalimu. Tuchukue mfano wa familia ya Kitanzania iishiyo katika mji wa Uingereza kama Reading au Leicester. Siku yao haiongozwi na jua bali na zamu za kazi. Mama aweza kuwa anakwenda zamu ya usiku kuhudumia wazee katika nyumba za kuwatunzia, na baba anafanya kazi ya mchana. Hivyo wazazi wanapishana mlangoni, mmoja akivua koti na mwingine akilivaa. Sheria ya huko humtaka mtoto awe shuleni baada ya kutimiza miaka 5, na mwaka wa masomo huanza Septemba, si Januari kama kwetu. Ifikapo Desemba giza huingia saa kumi za alasiri. Mtoto akitoka shuleni hufungiwa ndani na baridi. Hakuna kiwanja, hakuna ng'ombe wa kurudisha zizini, hakuna mama mdogo wa nyumba ya pili atakayemtuma chumvi.

Katika hali hiyo, ni nani anayemfundisha mtoto lugha ya kwao? Hapa Nkoma mtoto husikia Kisukuma kwa vinywa mia: kisimani, shambani wakati wa kuchuma pamba, mnadani, na jioni shikome, pale penye moto wa wazee ambapo kwa desturi ya Wasukuma vijana walikaa wakasikiliza habari za ukoo, mashauri na hadithi. Kule ugenini lugha ile ile ina vinywa viwili tu, na vyote viwili vimechoka. Sasa mwalimu wa huko anawaambia wenye vinywa hivyo wavifunge, au waseme Kiingereza. Wazazi hutii, kwa kuwa kwa desturi yetu neno la mwalimu huheshimiwa. Lakini Kiingereza cha wazazi wengi ni kile cha kazini, nacho hakitoshi kusimulia wala kufariji. Kwa hiyo mazungumzo ya nyumbani yanapungua mpaka yanabaki amri: vaa, kula, fanya haraka, zima taa. Mtoto aliyekuwa akisimuliwa kwa Kisukuma au Kiswahili kilichojaa sasa anaamriwa kwa Kiingereza kilichopwaya. Hatuoni ni faida gani shule imepata hapo.

Hasara huonekana siku ya Jumapili. Simu ya mkononi imeleta uso wa bibi kutoka Nkoma hadi mezani mwa Leicester, jambo ambalo wazee wetu hawakuliota. Bibi husalimu, "Mwangaluka!" Mtoto hutabasamu. Bibi huuliza jambo la pili, naye mtoto humtazama mama yake. Basi mazungumzo ya bibi na mjukuu yamekwisha, na yanayobaki ni mama kutafsiri huku na huku mpaka salio la simu liishe. Wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo la mapenzi ya ukoo, halihusu mbinu za kufundisha. Linahusu sana, kwa sababu bibi huyo ndiye atakayempokea mtoto akirudishwa, na ndiye mwalimu atakayemwita kuzungumza naye.

Upo upande wa pili wa maisha hayo ambao ungewashangaza wanachuo. Katika nyumba nyingi za ugenini mtoto ndiye mkalimani. Barua ya shule ikija, yeye huisoma. Mama akienda kwa daktari, yeye huenda naye akaeleza maumivu ya mtu mzima kwa maneno ya mtoto. Mtoto wa miaka tisa au kumi aweza kumfafanulia baba yake barua ya mwenye nyumba inayohusu kodi. Kazi hiyo ni nzito, na pengine haimfai mtoto. Lakini inahitaji akili, kumbukumbu na uangalifu. Kisha mtoto huyo huyo huketi katika dawati letu la nyuma, akaandikwa kuwa ni mzito!

Tusidhani kuwa nchi za nje ni Ulaya peke yake, wala kwamba tatizo hili limezaliwa jana. Kati ya mwaka 1967 na 1977, katika ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, mashirika ya pamoja yaliwahamisha watumishi na jamaa zao kutoka nchi moja hadi nyingine. Makao makuu ya Shirika la Reli yalikuwa Nairobi, ya Bandari yalikuwa Dar es Salaam, na ya Posta na Simu yalikuwa Kampala. Katika mitaa ya nyumba za reli huko Nairobi, kama Muthurwa na Makongeni, watoto wa makabila na nchi mbalimbali walicheza pamoja kwa Kiswahili. Lakini shuleni mambo yalikuwa tofauti. Shule nyingi za mjini humo zilifundisha kwa Kiingereza tangu madarasa ya chini, na Kiswahili hakikuwa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi za Kenya hadi mpango wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Kwetu, baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, Kiswahili kilikuwa kimebeba masomo yote ya shule ya msingi.

Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari ya mwaka huo, nao haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Watumishi wakarudi makwao na watoto wao. Hebu fikiri hali ya mtoto wa darasa la tano aliyetoka Makongeni akaingia shule ya msingi ya Tanzania. Alijua Kiswahili, aliweza kununua mkate, kugombana na kutania. Lakini mwalimu alipotamka kigawe, kigawo, mzingo na kipenyo, hakuelewa kitu, ingawa hesabu zenyewe alikwisha kuzifanya Nairobi kwa majina mengine. Ni rahisi sana kwa mwalimu kumsikia mtoto kama huyo akibishana kwa ufasaha kiwanjani, kisha kumwona amenyamaza darasani, akahukumu kuwa ni mvivu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Lugha ya mchezo na lugha ya masomo ni vitu viwili. Mtaalamu Jim Cummins, aliyefanya kazi Kanada, alichunguza habari za watoto wahamiaji wa Toronto na kuchapisha matokeo mwaka 1981. Alionyesha kuwa mtoto huweza kuzungumza vizuri lugha ya ugenini kwa muda wa miaka 2 hivi, lakini huhitaji miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenyeji katika lugha ya masomo. Alishikilia pia kwamba maarifa aliyoyapata mtoto katika lugha ya kwanza hayapotei bali huhamia katika ile ya pili. Anayejua kisa kina mwanzo na mwisho kwa Kisukuma hahitaji kufundishwa upya jambo hilo kwa Kiswahili. Anahitaji maneno tu. Kabla yake, mwaka 1953, Unesco ilikwisha kutoa ripoti iliyopendekeza mtoto aanze masomo kwa lugha ya mama. Na huko Uingereza, tume iliyoongozwa na Sir Alan Bullock ilisema katika ripoti yake ya mwaka 1975 kuwa mtoto asitakiwe kuiacha lugha ya nyumbani kwao anapovuka kizingiti cha shule. Miaka mingi imepita tangu ripoti hizo, na bado wapo walimu, huko na huku, wanaowavisha watoto shingoni kipande cha ubao kwa kosa la kusema lugha ya mama yao.

Hatusemi kwamba shule za Itilima zifundishe kwa Kiingereza kwa ajili ya mtoto mmoja. Kiswahili ndicho lugha ya darasa letu, na mtoto huyu lazima akijue vizuri. (Wazazi wenye fedha, ambao huwapeleka watoto wa namna hii katika shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza, wamelikwepa swali, hawakulijibu.) Tunalosema ni kwamba njia ya kukifikia Kiswahili cha darasani haipiti katika kuinyamazisha nyumba.

Mwalimu wa Nkoma analielewa jambo hili kwa kuliona kila mwaka. Mtoto wake wa darasa la kwanza naye ni mgeni: amevuka kizingiti cha shule akitoka katika nyumba ya Kisukuma. Mwalimu mzuri hamwambii mama yake aache Kisukuma. Huchukua michembe, jembe, kibuyu na ndama, vitu ambavyo mtoto anavijua kwa jina la kwao, akamwongezea jina la pili. Kwa nini ustadi huo usahauliwe anapokuja mtoto wa Nairobi, wa Maskati au wa Leicester?

Tumetaja Maskati makusudi. Sultani Qaboos aliposhika utawala wa Oman mwaka 1970, nchi ile ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, naye aliwaita Waomani waliokuwa nchi za nje warudi kuijenga. Wengi walitoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba zao, wakati shule zilifundisha kwa Kiarabu. Kwa baadhi ya watoto wao kule kurudi kwao ndiko kulikokuwa ugeni. Kiswahili hakikufa katika nyumba hizo. Hadi leo chasikika Maskati, kwa kuwa kilikuwa na vinywa vingi kuliko viwili. Hali kadhalika wakimbizi wa Burundi waliofika mwaka 1972 na kupewa makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili katika mtaala wetu, na wale ambao jamaa zao zilirudi Burundi baada ya mwaka 2007 wakakuta Kirundi na Kifaransa ubaoni. Katika safari hiyo mtoto aliyekuwa hodari Katumba aliweza kuwa mzito Burundi kwa kupanda lori tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya darasani.

Jambo la kwanza ni hesabu, kwa sababu hesabu haina haja ya kusubiri lugha. Mwandikie mtoto ubaoni mafumbo ya tarakimu matupu, bila maneno, uone amefikia wapi. Lakini angalia namna anavyoandika. Mtoto aliyesoma katika nchi zifuatazo desturi ya Kifaransa, kama Burundi au Kongo, huandika desimali kwa mkato pale ambapo sisi huweka nukta; na katika kugawanya kwa kirefu huweka kigawo upande wa kulia wa namba inayogawanywa. Mwalimu mwenye haraka ataweka alama ya kosa kabla ya kulitazama jibu. Mwalimu mwema atamwita mtoto aonyeshe njia yake mbele ya wenzake, na darasa zima litajifunza kuwa kugawanya kuna mavazi mengi.

Jambo la pili ni saa. Mtoto aliyelelewa Ulaya huhesabu saa tangu usiku wa manane. Ukimwambia aje shuleni saa moja, kwake hiyo ni saa ya baada ya adhuhuri. Tumemwona mtoto aliyechapwa fimbo mbili kwa kuchelewa, hali alikuwa akiamini kuwa amewahi. Somo la saa la dakika kumi na tano lingetosha, nalo ni somo zuri kwa darasa lote: kwamba sisi twaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na wengine huanza usiku wa manane.

Jambo la tatu, ambalo ni gumu zaidi, ni majina ya ndugu na adabu iendayo nayo. Kiingereza humwita baba mdogo, mjomba na mume wa shangazi kwa neno moja. Mtoto aliyekulia katika lugha hiyo hajui kuwa watu hao ni watatu, wenye haki na wajibu tofauti juu yake. Anapomwita mjomba kwa jina lake, wazee husema ametoka kwa Wazungu na kiburi. Tena amefundishwa huko kumtazama mwalimu machoni anaposemeshwa, na kwamba kuinamisha macho ni dalili ya kuficha jambo. Hapa kwetu mafundisho ni kinyume. Salamu ya shikamoo hana. Yote haya hayafundishwi kwa karipio. Yafundishwe kama msamiati, kwa mchoro wa ukoo: kila mtoto achore wa kwao, na majina yaandikwe kwa Kiswahili, na kwa lugha ya nyumbani pembeni. Watoto wa Kisukuma watakuwa na mengi ya kuandika pembeni, na mgeni ataona kuwa si yeye peke yake mwenye lugha mbili. Huo ndio msaada mkubwa wa zoezi hilo kuliko majina yenyewe.

Jambo la nne ni insha. Mpe kichwa "Siku yetu nyumbani", umwache aandike kwa lugha yoyote aliyo nayo. Kama ni Kiingereza, mwalimu wa somo hilo atakusomea. Kama ni nyingine, mtoto achore na aeleze kwa maneno machache. Kutokana na karatasi hiyo mwalimu atapata maneno ishirini au thelathini ambayo mtoto anayahitaji kwanza, maneno ya maisha yake mwenyewe, nayo yatamfaa kuliko orodha ya kitabuni. Pia atapata habari. Ataona kama mtoto alikuwa akipika mwenyewe, kama alilea mdogo wake, kama alikuwa mkalimani wa mama yake. Mwenza wa dawati awe mtoto msemaji, mwenye maneno mengi, si lazima awe wa kwanza darasani.

Tunajua jibu la wanachuo: darasa lina watoto mia na kitu, na mgeni ni mmoja. Ni kweli. Lakini tuliyoyataja hayahitaji kipindi cha pekee. Mchoro wa ukoo, saa na insha vyaweza kuingia katika vipindi vya kawaida. Kinachohitaji muda ni kimoja tu, kufika nyumbani kwa mtoto. Hakuna ripoti ya shule ya zamani itakayokueleza yale utakayoyaona kwa nusu saa ukiwa umeketi kwenye kigoda uani.

Na ukifika, mweleze bibi kwamba aseme na mjukuu wake Kisukuma bila kuogopa, amtume, amsimulie, amkosoe. Kiswahili mtoto atakipata kwa wenzake na kwako. Ukiwa na wazazi wanaojiandaa kwenda nchi za nje, waambie vivyo hivyo: huko waendako waseme na mtoto lugha wanayoijua kuliko zote, hata mwalimu wa huko akisema vingine, na wasimwachie simu ya Jumapili kazi yote. Wengine watakubishia kwamba mtoto atachanganyikiwa. Watazame watoto wa Nkoma wanaosema Kisukuma na bibi, Kiswahili na mwalimu, na Kitaturu kidogo na jirani mfugaji, wala hakuna aliyechanganyikiwa.

Wanachuo watakaokwenda mazoezini msimu ujao tunawaomba waongeze safu moja katika daftari lao la mahudhurio: lugha zisemwazo nyumbani kwa kila mtoto, ni nani anayezisema, na wakati gani. Swali hilo liulizwe kwa mzazi, si kwa mtoto mbele ya darasa. Jibu likiwa fupi, kama vile "mama yake tu, usiku", liandikwe hivyo hivyo.